Kasha Chini ya Kitanda

"Fungua hilo kasha leo, ama nimpigie simu yule kijana wa Chepkoilel," Lazarus alisema, bisibisi mkononi.

Kiprono alikaa kitandani, miguu yake ikilikinga kasha lililokuwa mvunguni. Lazarus, mwenye bendi, hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Jioni ile walikuwa na majaribio kwenye hoteli mpya karibu na mtaa wa West Indies. Wakipendwa, kila wikendi ni yao. Na kijana huyo, mwanafunzi wa chuo cha Chepkoilel, alikuwa na gitaa la besi jipya linalong'aa, bado lina karatasi ya dukani.

La Kiprono, eh, wacha tu! Alilinunua kwenye soko la mitumba, vita vya uchaguzi vilipotulia, kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Lilikuwa limepakwa rangi nyeusi ya geti na kukatwa pembe moja kwa msumeno, labda lilikataa kuingia kwenye gunia. Shingo ilikuwa na ufa uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Lilikuwa na kitu kimoja tu kizuri: nyuma ya shingo palikuwa na kishimo kidogo, na kidole gumba kilikaa hapo raha mustarehe.

Bendi yao ilipiga nyimbo za kukopi. Wakipiga rumba, watu waliuliza nani amewasha jenereta. Wakipiga kantri, ambayo hapa Eldoret ukiikosea unarushiwa chupa, Lazarus alimfanyia Kiprono ishara apunguze sauti.

Na huku, Kiprono aliwaza kila usiku, nimelalia besi tamu kuliko zote mjini!

Ilikuwa ya Kinuthia, mpiga besi wa zamani. Gitaa la bluu, bluu iliyoiva. Siku hizo Kiprono alikuwa mtu wa kayamba tu, na kila wimbo alilitazama lile gitaa akimeza mate. Kinuthia hakuruhusu mtu aliguse. "Huyu ni bibi yangu wa pili," alisema, akilifuta kwa leso.

Siku mtaa wao wa Langas ulipowaka moto, Kinuthia alitokea uani kwa Kiprono, mkewe Wangari na watoto wakiwa nyuma. Alikuwa amebeba kasha la gitaa lake, sanduku kubwa la mbao alilotengenezewa na seremala, limefungwa kufuli.

"Nitunzie, ndugu yangu. Ndiyo maisha yetu haya."

Wakakimbilia kituo cha polisi, na mwishowe wakaenda Nyahururu. Kesho yake vijana walikuja kumuuliza Kiprono kama ameficha mali ya wale watu. Alikaa kitandani vilevile, akasema hana.

Miaka ilipita. Kinuthia alipiga simu mara mojamoja.

"Kasha liko?"

"Liko. Nikutumie kwa basi?"

"Aii, likipotea Wangari atanimaliza. Kila siku kwake ni kasha, kasha. Tutakuja tu."

Lakini kila walipopanga safari, Wangari alikumbuka ule moshi, akafungua mizigo. Kiprono alimwonea Kinuthia wivu kwa mke wa namna hiyo. Hulda, mkewe yeye, hakuwahi kuuliza habari za gitaa hata siku moja, ila kulalamika akifagia: "Gitaa gani hili, zito kama jiwe la kusagia?"

"Kitu cha maana lazima kiwe kizito," Kiprono alimjibu.

Kuliazima hakuthubutu. Mtu amechomewa nyumba, nawe unampigia simu kumwomba gitaa?

"Rudisha bisibisi mfukoni," alimwambia Lazarus sasa. "Kinuthia anakuja leo, tayari wako njiani. Nitamwomba kwa mdomo wangu, mbele yako."

"Na akikataa?"

"Basi mwite mwanafunzi wako."

Alisema hivyo kiume, lakini roho ilimuuma. Bila bendi angebaki kuwa nani?

Kinuthia alifika mchana na Wangari wake, amenenepa, kicheko ni kilekile. Walikumbatiana hadi Hulda akafuta machozi kwa kanga. Chai ikanywewa. Kiprono akalivuta kasha, akalipangusa vumbi.

"Kinuthia, ndugu yangu, kabla hujalifungua, nina ombi dogo..."

Wangari hakungoja ombi. Alitoa ufunguo shingoni mwake, akapiga magoti, akafungua.

Ndani mlikuwa na kichwa cha cherehani, kimezungushiwa gauni la harusi na blanketi la mtoto. Wangari alikikumbatia, akilia na kucheka pamoja.

"Na gitaa?" Lazarus aliuliza, akichungulia ndani ya kasha.

"Gitaa?" Kinuthia alicheka akishika mbavu. "Nibebe gitaa, niache cherehani inayolisha watoto? Huyu mama angenichinja kabla sijafika kwa geti! Lilibaki ukutani. Walichukua kila kitu ndio wakawasha nyumba moto."

Kiprono akaketi pu. Miaka yote hiyo alikuwa akiimezea mate cherehani. Lazarus alitoa simu polepole, akaanza kutafuta namba ya mwanafunzi.

"Kwani kuna nini leo?" Kinuthia aliuliza, na Hulda akamweleza yote: hoteli, kijana wa Chepkoilel, na lile kopo jeusi linalokoroma.

"Bana, gitaa haliwezi kuwa baya hivyo. Hebu lete nilisikie."

Kiprono alimpa. Kinuthia alilipakata bila kuliangalia, angali anamcheka Kiprono, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe nyuma ya shingo, kikaingia kwenye kile kishimo. Kicheko kikakatika.

Alitafuta sarafu mfukoni, akakwaruza ile rangi ya geti. Chini yake ikatokea bluu.