Kopo la Samaki kwenye Pipa la Buluu

Kopo la samaki lilikuwa mkononi mwa afisa wa taka, bado linanuka, na Fundi aliapa kwamba hajawahi kulinunua.

"Mimi na samaki wa kopo tulishaachana, mwanangu. Tumbo langu halimtaki."

"Lakini limetoka kwenye pipa lako, Fundi. Tena la karatasi."

Afisa, mwanamke wa makamo mwenye kizibao cha kung'aa na sauti ya upole, alimwonyesha picha kwenye simu. Pipa la buluu, namba ya nyumba yake, kopo limelala juu ya maboksi. Hapakuwa na la kubisha.

Mtaa mzima walimwita Fundi kwa sababu alitengeneza saa mpaka macho yalipomgomea. Mtu aliyezoea kupanga skrubu ndogo za saa kwa ukubwa wake atashindwaje na takataka? Tangu manispaa ilete ile programu ya simu, alimulika kila pakiti kabla ya kuitupa, na simu ikamwelekeza kwa sauti: hii pipa la njano, hiyo la buluu, suuza kwanza. Alisuuza. Alikausha kwa kitambaa. Tangu mkewe afariki, kulikuwa na siku ambazo simu hiyo ndiyo pekee iliyosema naye.

Na bado makosa yalikuja. Juma lililopita kikombe cha mtindi, safari hii kopo. Kila kosa lilipopigwa picha, programu ilituma ujumbe, na afisa akaja kumwelekeza upya.

Hilo la kuja, tuseme ukweli, halikumchukiza. Alibandika maji ya chai kabla hata ya kusikia hodi. Afisa alieleza habari za mapipa haraka haraka, kisha wakakaa. Alicheka utani wa Fundi, hata ule uliochuja. Aliosha vikombe mwenyewe, akavipangusa, akatafuta na kingine cha kuosha.

"Huchelewi kazini?" Fundi alimuuliza.

"Kazini kwangu ni ndani ya gari, Fundi. Hata chakula cha mchana nafungua chochote, nakula humo humo, naendelea. Kwingine wananisemesha dirishani. Wewe ndiye unayenikaribisha ndani."

"Na nyumbani je?"

"Nyumbani nina redio," alisema, akacheka peke yake.

Tatizo ni kwamba ujumbe haukumfikia Fundi tu. Binti yake, aliyeishi mji mwingine, ndiye aliyeisajili programu, na kila kosa lilipotumwa simu yake nayo ililia. Jioni ile alipiga.

"Baba, siku hizi unasahau hata ulichokula?"

"Huyo samaki sikumla."

"Si ndicho hicho ninachosema? Likija kosa jingine nakuja kukuchukua. Chumba kiko tayari, nyumba tutaipangisha. Sikugombezi, Baba. Naogopa siku moja utasahau gesi."

Fundi alitazama meza yake ya kazi chini ya dirisha, na kiti cha mkewe pembeni, pale alipokuwa akikaa kushona huku akimtania kwa ukimya wake. Kwa binti yake kulikuwa kuzuri, ghorofani, lakini huko hakuna ambaye angemwita Fundi. Kilichomtisha zaidi ni kwamba huenda binti alikuwa sahihi. Huenda alikwenda dukani kwa miguu yake, akalipa, akafungua kopo, akala, na kichwa kikafuta yote. Usiku ule hakupata usingizi wa maana.

Siku ya kuchukuliwa taka aliamka alfajiri. Alitoa kila kitu kwenye pipa la buluu, akakimulika upya kimoja kimoja, akakirudisha. Maboksi. Karatasi. Simu ikasema, "Hongera, umepanga vizuri." Akakaa nyuma ya pazia. Kama kuna jirani anayemtupia uchafu wake, leo atamwona kwa macho yake. Kama hakuna, atafunga virago mwenyewe bila kungoja kusukumwa.

Jirani wa kulia alipita na mbwa wake, hakutazama hata upande wa pipa. Wa kushoto aliwasha gari, akaondoka. Kukapambazuka kabisa na mtaa ukatulia. Fundi alianza kufikiria atapakia nini kwanza, nguo au vifaa vya saa.

Ndipo gari la afisa likasimama. Akafurahi. Afadhali aone mwenyewe jinsi pipa lilivyo safi, amtetee kwa binti yake. Aliinuka amwite.

Afisa alifunua pipa, akachungulia, akabaki ameshika mfuniko, kama mtu aliyefika dukani akaambiwa alichofuata kimekwisha. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akafungua mkoba wake wa chakula, akatoa kopo la samaki, akalilaza taratibu juu ya maboksi, akapiga picha.

Simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni. *Kuna kosa kwenye pipa lako. Afisa atakutembelea leo.*

Alirudi kwenye kiti. Simu ikalia.

"Baba! Kopo tena? Nimeshauona ujumbe. Leo leo nakuja."

Mlangoni ikapigwa hodi, ya upole, ya mtu asiyetaka kusumbua. Fundi alitazama mlango, kisha akatazama birika.

"Usije kunichukua, mwanangu. Kichwa changu kizima," alisema. "Nitakupigia baadaye. Nina mgeni."