Wimbo Uliobaki Pangoni

Siku hizi, ukicheza visa vya dadu, mchezo wa kusimulia ambapo kila mchezaji huwa na mhusika wake, unamwazima mhusika wako ujuzi wako mmoja, nawe huupati tena mpaka kisa kiishe. Tunu alimwazima wake ufundi wa kubembeleza watoto. Mhusika akaimba pangoni, zimwi likasinzia, na wachezaji wakaahirisha mpaka Jumamosi ijayo.

Mchana huu mwanawe analia. Tunu anafungua kinywa, wimbo hauji. Akampigia shemejiye Makame, msimulizi wa mchezo.

“Nirudishie wimbo wangu, shemeji.”

“Mhusika wako akinyamaza tu, shemeji, zimwi litaamka. Litawameza wahusika wote, na ujuzi wetu ndani yao.”

Tunu akakata simu. Mtoto alikuwa amenyamaza. Alitega sikio ukutani, akatabasamu, akafumba macho taratibu kwa wimbo ambao mama yake hakuusikia.