Mtoto wa Chungu cha Bi Nakunda

Mji mzima ulijua kwamba Mzee Kiangi hashindwi kutaja jina la mmea wowote wa majani manene, ule unaojipanga kama waridi na kuota juu ya mawe. Ndiyo maana Bi Nakunda alimletea chungu chake.

"Umetoa ua, ukafa. Marehemu mume wangu ndiye aliyenipa. Niambie jina lake, kaka, nikatafute mwingine."

"Huu huchanua mara moja tu, dada. Mama akifa huacha watoto pembeni."

"Huu haukuacha hata mmoja. Nina mkosi gani mimi!"

Mzee Kiangi aliinamisha uso. Mwaka jana, alipokaribishwa chai kwa Bi Nakunda, alimchomoa mtoto wa pekee wa mmea huo akamtia mfukoni. Sasa mtoto huyo yuko chunguni, rafuni nyuma yake, amenenepa hadi upana wa kisahani, na kibao chake kimeandikwa "Kiangi", kana kwamba yeye ndiye aliyemvumbua.

"Kumbe jina hulijui!" Bi Nakunda alicheka. "Leo nimekuweza, kaka!"

Masikio ya Mzee Kiangi yakawaka moto. Aligeuka, akakishusha taratibu kile chungu cha rafuni, kidole gumba kikiwa kimelifunika jina kwenye kibao.

Bi Nakunda alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili.