Hodi ya Nne

Mume wa Siwema alikuwa mpakani na kikosi chake, na huku nyumbani saratani ilikuwa imemlaza mkewe. Kila asubuhi jirani yake Mama Tunu, naye mke wa askari, alimletea uji. Ufunguo alikuwa nao, lakini hakuwahi kuingia bila kukaribishwa.

"Anaumwa, ndiyo, ila nyumba ni yake," aliwajibu waliomcheka.

Leo alipiga hodi tatu, ndani kimya. Baada ya hodi ya tatu mgeni huondoka. Mama Tunu akaushika ufunguo, kisha akaurudisha kifuani.

"Hodi, mdogo wangu!" akaita mara ya nne, sauti ikimkatika.

"Ngoja, dada," Siwema alijibu kwa taabu. "Najifunga kanga."

Kisha kandambili zikaanza kujikokota kuelekea mlangoni.