Ngazi za Ghorofa ya Tisa

Nasimiyu alikuwa mchezaji wa tenisi wa nafasi ya mia sita na arobaini duniani, na mwaka wa tatu huu hajakanyaga uwanja. Walio chini ya nafasi ya mia tatu hawachezi tena. Husafiri hadi mji wa mashindano, wakalala hotelini, na asubuhi mashine ikawachoma kidole, ikapima damu, ikatangaza nani angeshinda.

Leo, mjini Lusaka, ilimpa ushindi wa seti mbili kwa bila dhidi ya Kabula wa Mwanza, msichana ambaye hajawahi kumtia machoni.

Mama yake kule Bungoma hakujua habari za mashine. Ndiyo maana Nasimiyu hakumpigia simu kabla ya kupanda ngazi za hoteli mbio, kutoka chini hadi ghorofa ya tisa, mpaka akatweta.

"Nimeshinda, mama!"

"Ee mwanangu, unavyohema! Amekusumbua?"

"Sana. Anapiga mpira kama anapasua kuni."

"Maskini. Mlipeana mikono lakini?"

"Tulipeana, mama."

Alikata simu, akaketi kwenye ngazi kujifuta jasho. Hapo akasikia miguu ikija mbio kutoka chini. Akatokea msichana mrefu, jezi imelowa, jina la Kabula kifuani, simu sikioni.

"Nimefungwa, mama," alisema akitweta. "Lakini nimemtoa jasho."

Nasimiyu aliinuka, akamnyooshea mkono.

Kabula aliutazama ule mkono, kisha akageukia ukuta.

"Ndiyo, mama," akasema. "Tulipeana mikono."