Kidole cha Mama Mkwe

Pendaeli alikuwa anasukuma chapati mama mkwe wake alipoingia jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete mkono."

Pendaeli alijipangusa unga, akanyoosha mkono. Chini ya ngozi, kijiti cha uzazi wa mpango kiliwaka kijani. Kila mwanamke alikuwa nacho, na kila kijiti kilitii kidole kimoja tu, cha mama wa mume.

"Wasichana watatu wanatosha. Marehemu mume wangu bado hana wajina humu ndani."

"Daktari alisema nikizaa tena nitakufa, mama."

"Tutamwomba Mungu."

Mama mkwe akabonyeza, taa ikazimika. Kisha akaonja mchuzi, akasema chumvi imepungua, akaenda kukaa sebuleni. Pendaeli akaongeza chumvi.

Binti yake mkubwa, Ndeshi, akarudi kutoka shuleni na bandeji mkononi. Siku hiyo darasa lao lilikuwa limewekewa vijiti.

"Mama, changu atakizima nani?"

Pendaeli aligeuza chapati.

"Hatujamjua bado, mwanangu."

"Lakini yupo?"

"Yupo."

Ndeshi akaushusha mkono wa sweta hadi vidoleni, akaanza kupanga sahani.