Mkaguzi Aliyependa Kimya

Zama zile wanyama walipopeleka watoto shule, Mwalimu Kanga alifundisha chekechea ya vifaranga. Walifinyanga udongo, wakaimba, wakauliza maswali hadi darasa likavuma kama mzinga wa nyuki. Kanga aliwapenda, ila alipenda sifa pia.

Siku moja Kicheche aliingia, akajiita mkaguzi.

"Mwalimu, hii ni shule au soko? Wapange safu, wafumbe macho, wanyamaze. Hapo nitakusifu kwa wakubwa. Na huo mlango ufunge."

Kanga aliona haya. "Wanangu, jipangeni safu, mfumbe macho, mnyamaze," akasema, kisha akaenda kufunga mlango.

Darasa likanyamaza kabisa. Kicheche akainyemelea safu.

Mtoto wa Kware, aliyezoea kuuliza, akafumbua jicho moja. "Mwalimu, mbona mgeni anadondokwa na mate?"

Kanga alipogeuka, meno ya Kicheche yalikuwa yamekaribia shingo ya kifaranga mdogo kuliko wote. Akamrukia Kicheche kwa kucha na mdomo, vifaranga wakapiga mayowe, na mkaguzi akatorokea dirishani akivuja damu.

Tangu hapo, mzazi akilalamikia kelele za darasa, Kanga humjibu, "Aliyetaka kimya alikuja, mwenzangu, naye alikuja na njaa."